Ancona hadi Patras na karavani: je, inaruhusiwa kulala ndani yake melini?

Mama Nasra (Munich)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tunakusudia kwenda Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, kwa karavani, yaani nyumba ndogo inayovutwa na gari, na badala ya kuzunguka kwa barabara kupitia nchi za Balkani, tumeamua kuteremka Italia kwa njia ya Brenner, kisha kupanda feri Ancona hadi Patras. Safari hiyo ya bahari huchukua karibu siku nzima pamoja na usiku wake. Kwetu ni jambo jipya kabisa, kwa kuwa safari yetu ndefu kuliko zote baharini ilikuwa ya saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na hata hiyo niliimaliza nikiwa nimeinamia mfuko.

Ninaomba kufahamishwa mambo matatu. Kwanza, nimesikia kwamba kwenye njia hii mtu anaweza kulala ndani ya karavani yake melini, ilhali rafiki yetu aliyevuka kutoka Uingereza kwenda Hispania anasema haiwezekani hata kidogo. Pili, jokofu letu hutumia gesi tunapokuwa hatuna umeme. Litakuwaje kwa saa zote hizo? Tatu, mume wangu ana hofu ya kuingia melini kinyumenyume, kwani anaendesha vizuri akienda mbele, lakini kurudisha nyuma karavani ni mtihani ambao bado hajaufaulu.

Mzee wa Trela

Marahaba, binti yangu. Nimevuka njia hiyo mara nne na karavani, na wewe na rafiki yako nyote mko sahihi. Katika safari za Uingereza kwenda Hispania magari huwekwa kwenye sitaha zilizofungwa, na abiria hawaruhusiwi kubaki huko meli ikiwa safarini. Kati ya Italia na Ugiriki baadhi ya kampuni zina meli zenye sitaha ya magari iliyo wazi pembeni, na humo huuza nafasi za kambi kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Oktoba. Mnalipa nauli ya abiria wa sitaha, mnaunganishiwa umeme wa meli, mnatumia bafu na vyoo vya abiria, na usiku mnalala kitandani mwenu huku upepo wa Adriatiki ukipita dirishani. Si kila meli ina huduma hiyo, na si kila kampuni inayopokea magari ya kambi hupokea pia karavani za kuvutwa, kwa hiyo ulizeni kwa jina la meli na tarehe mtakayosafiri, kisha hakikisheni jambo hilo limeandikwa kwenye tiketi.

Jokofu litatumia umeme wa meli. Gesi hufungwa kwenye mtungi wenyewe kabla ya kupanda, wala haifunguliwi tena mpaka mmeshuka, hivyo chai na wali mtanunua mkahawani au mtabeba kwenye chupa na vyombo.

Kuhusu kurudisha nyuma, mume wako asikose usingizi. Katika meli nyingine magari huingia mbele na kugeukia ndani, na katika nyingine mtaombwa kweli kuingia kinyumenyume, lakini mabaharia wamezoea kutuona tukihangaika. Ashushe vioo, azime redio, amtazame baharia mmoja tu anayemwongoza na asiwasikilize wengine wanaopiga kelele pembeni, nikimhesabu pia mke wake.

Linaloniumiza mimi ni ngazi ya kupandia, yaani lile bamba la chuma lenye mwinamo ambalo magari hupita kuingia melini. Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimefunga baiskeli nne nyuma ya karavani na kujaza maji tangi lililoko nyuma ya ekseli. Gari lilipoanza kupanda kwenye bamba hilo, mkia wa karavani ulishuka, nikasikia mkwaruzo kama wa sufuria inayoburutwa sakafuni. Baharia aliinua mkono nisimame, akaja na vipande viwili vya mbao, akaviweka mbele ya magurudumu ya karavani, kisha akanionyesha kwa vidole viwili niende polepole. Mkia uliinuka kiasi cha upana wa kiganja, nikapita. Tangu siku hiyo napanda na tangi tupu, vitu vizito viko juu ya ekseli, gurudumu dogo la mbele limepandishwa hadi mwisho, na ngazi naikabili moja kwa moja bila kuikata kwa pembe.

Baharia Mstaafu

Naongezea sababu, kwa kuwa mtu akiijua sababu hashindani na mabaharia. Tunachokiogopa zaidi kwenye sitaha ya magari ni moto. Tarehe 28 Desemba 2014 feri ya Norman Atlantic ikiwa katika njia ya Ugiriki kwenda Ancona iliungua, na moto ulianzia kwenye sitaha ya magari. Februari 2022 ikawa zamu ya Euroferry Olympia, iliyotoka Igoumenitsa, Ugiriki, kwenda Brindisi, Italia, na miongoni mwa waliofariki walikuwamo madereva wa malori. Kwa hiyo mkilala kwenye kambi ya melini, siku ya kwanza kabla hamjafungua hata begi, tembeeni pamoja na watoto kutoka mlangoni mwa karavani hadi kituo chenu cha kukusanyikia, mrudi, mtembee tena. Usiku njia ile haifanani na ya mchana.

Mengine ni madogo. Gari liachwe kwenye gia na breki za mkono zikazwe, ya gari na ya karavani. King'ora cha kuzuia wizi kizimwe ikiwa kinahisi mtikisiko, la sivyo kitalia usiku kucha mpaka betri iishe. Mtapewa karatasi yenye jina la bandari ya kushukia. Iwekeni mahali inapoonekana, maana meli nyingi husimama Igoumenitsa kwanza, na magari hupangwa kwa kufuata karatasi hiyo.

Jirani wa Bologna

Kwa heshima zote kwa Mzee wa Trela, mimi sikubaliani naye kuhusu kambi kwa familia yenye watoto wadogo. Tulilala hivyo mara moja. Upande wa kulia tulipakana na lori la jokofu lililonguruma hadi alfajiri, taa za sitaha hazikuzimwa, na harufu ya dizeli iliingia hata kwenye mito. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ilitubadilishia meli siku tatu kabla ya safari, na hiyo mpya haikuwa na kambi kabisa, tukaishia kulala kwenye viti. Siku hizi nalipia chumba cha ndani, katikati ya meli na kwenye sitaha ya chini iwezekanavyo, ambako mtikisiko ni mdogo. Dada yangu, wewe uliyeinamia mfuko safari ya Unguja, dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya meli kung'oa nanga. Ukingoja mpaka tumbo lianze, umechelewa.

Kama mtachukua chumba, jokofu la karavani lizimwe kabisa ili lisinyonye betri, na ndani yake wekeni chupa za maji mlizozigandisha nyumbani. Dawa na chakula cha watoto mpande navyo, kwa kuwa sitaha ya magari ikishafungwa hamtateremka tena.

Jambo la mwisho ni pasipoti. Italia na Ugiriki zote zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikagui pasipoti mipakani baina yao, lakini bandarini nyaraka hukaguliwa, na mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya abebe pia kibali chake cha ukaazi cha Ujerumani, ile kadi yenyewe na si nakala. Mkiwa mnarudi kutoka Patras msishangae polisi wakiinama kuchungulia chini ya karavani, kwani wapo watu wanaojificha humo ili wavuke.

Mama Nasra (Munich)

Nawashukuru sana nyote. Jana jioni tulitoka na futi kamba tukapima kuanzia bampa ya mbele ya gari hadi baiskeli za nyuma, pamoja na mkono wa kuvutia karavani, tukapata mita 12.64, ilhali kwenye fomu ya tiketi mume wangu alikuwa ameandika 11.90, kwani alihesabu gari na sanduku la karavani peke yake. Baiskeli sasa zitasafiri ndani, juu ya ekseli. Wakati wa kwenda tutachukua chumba. Wakati wa kurudi ameniomba tujaribu kambi, nami nimemkubalia kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayelala upande wa lori. Je, kebo ya umeme ya mita 10 inatosha?

Mzee wa Trela

Haitoshi. Beba ya mita 25, na plagi ya buluu ya kambini yenye pini tatu, pamoja na adapta ya plagi ya kawaida.