Mrejesho: sebule iliyoonekana haijakamilika

Niliuliza kwa nini sebule inaonekana tupu ilhali ina kila kitu. Ahsanteni sana, tatizo lilikuwa vipimo. Zulia lilikuwa dogo, limekaa peke yake katikati. La sasa linaingia chini ya miguu ya mbele ya sofa na viti vyote, na hapo ndipo vitu viliposhikana. Hili ndilo lililobadilisha chumba kuliko yote.

Picha nimeishusha hadi sentimita 18 juu ya mgongo wa sofa. Upana wake ni theluthi mbili za sofa. Ilipokuwa juu zaidi ilionekana haihusiani na chochote. Mezani vimebaki vitu vitatu vya urefu tofauti, ndani ya sinia moja. Mito mitatu inatosha. Bado taa ya kona.