Naomba ushauri: wanafunzi wanaeleza picha ya tangazo, hawalichambui

Habari za kazi, walimu. Naomba ushauri kuhusu uchambuzi wa matangazo ya magazetini kidato cha tatu: kipindi cha dakika 40, wanafunzi 48, makundi ya watu sita sita.

Kila kundi lina ukurasa mmoja. Dakika 5 za kwanza wanaorodhesha tu vinavyoonekana: picha, kichwa, maandishi madogo, nembo, rangi, nafasi tupu. Hapo hakuna shida. Kisha: nani analengwa, anaahidiwa nini, kipi kimefichwa? Hapa ndipo wanapokwama. Tangazo la sabuni lenye mama na shuka jeupe linajibiwa "sabuni inang'arisha". Hakuna anayeuliza kwa nini si baba anayefua. Wala hawaioni "hadi" katika "huua hadi asilimia 99 ya vijidudu", ilhali hata asilimia 20 imo humo!

Kufunika maneno kwa karatasi, wasome picha kwanza, kunasaidia kiasi. Tangazo la Volkswagen la Marekani la 1959, kigari kidogo kwenye ukurasa karibu mtupu, linafundisha vizuri kazi ya nafasi tupu, ila liko mbali nao. Fotokopi nazo zinaua rangi.

Je, mnaanza na tangazo moja kwa darasa zima, au mawili ya bidhaa ileile walinganishe? Na alama mnazigawaje? Kwa sasa ni 4 za kuorodhesha na 6 za kutoa hoja yenye ushahidi. Wanaokariri orodha wanabeba 4 bila jasho.