Tupeane uzoefu: Uliunganaje na roho wa udongo, hewa, moto na maji?

Chetezo

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa tunaofuata njia za Upagani wa siku hizi, awe mtu wa Wika (dini ya kisasa ya Kipagani yenye uchawi), mdruidi (anayefuata njia ya makuhani wa kale wa Waselti), au yule anayejifanyia mambo yake kimyakimya chumbani. Vitabu tumesoma, na karibu vyote vinaimba wimbo mmoja: udongo kaskazini, hewa mashariki, moto kusini, maji magharibi, chora duara la ibada, ita, shukuru, aga. Hayo tunayo. Nataka mtu asimulie yaliyomkuta yeye. Ulianza na asili ipi kati ya hizo nne? Ulijuaje kwamba kuna aliyeitika? Na ipi ilikugomea?

Wageni msipotee njia: habari ya asili nne tunaidai kwa Empedocles, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliyeziita mizizi ya vitu vyote. Roho wakazi wa asili hizo walipewa majina na Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541: nomu wa udongo, silfu wa hewa, salamanda wa moto, undina wa maji. Kitabu chake kuhusu hao kilichapishwa 1566, mwenyewe akiwa kaburini. Alisema wana mwili, wanakula na kuongea kama sisi, ila hawana nafsi. Baadaye wakaja Golden Dawn, chama cha siri cha mambo ya uchawi, London mwaka 1888, wakazipangia asili hizi vifaa na rangi, na kutoka huko mambo mengi yakaingia Wika.

Naanza na yangu. Mimi ni wa hewa. Mwanzo nilikuwa naita kwa maneno marefu ya kukariri, sauti nzito, mikono juu, na hakuna kilichotokea zaidi ya koo kukauka. Nikachoka nikaanza kuangalia moshi tu. Nachoma ubani kidogo, dirisha limefunguliwa kiasi, nakaa. Moshi ukinyooka najua hewa imelala. Ukivunjika bila sababu ninayoiona, natulia na kupumua nao taratibu. Baada ya muda mrefu wa mchezo huo ikaanza kutokea kwamba nikiwa na swali kichwani moshi unapinda kunifuata, na wazo linakuja ambalo si la kwangu kwa namna lilivyokaa: fupi, lenye mzaha ndani. Hewa hawakai kuongea, wanarusha neno wanapita. Asiye na kalamu karibu anapoteza.

Haya, leteni yenu.

Majimarefu

Dada Chetezo ahsante kwa uzi. Yangu ni ya maji na ni ndefu, mnivumilie.

Niliponea chupuchupu kuzama nikiwa mtoto. Kwa hiyo nilipoingia njia hii, pande tatu niliziita vizuri, nikifika magharibi sauti inakatika. Aliyekuwa ananifundisha hakunilazimisha. Aliniambia niache duara kabisa, nitafute bakuli.

Nikawa nakinga maji ya mvua, nayaweka kwenye bakuli jeusi, nakaa nayo jioni. Sikuita mtu. Nilikuwa nachovya vidole na kuimba chochote kinachonijia, mara nyingi bembelezo tu. Ndipo ndoto zikaanza. Si ndoto za kutisha nilizozizoea, za kuvutwa chini. Hizi nilikuwa nimekaa ukingoni na kuna mtu upande wa pili, simwoni uso, anaimba bembelezo langu lakini beti za mwisho anazibadilisha. Nikiamka nakuwa nazikumbuka. Nikaanza kuimba za kwake badala ya zangu.

Siku nilipokwenda mtoni nilikuwa na rafiki, na hilo nasisitiza: usiende majini peke yako ukiwa na nia ya kuzama kwenye hali za kiroho. Mtu aliye nusu usingizini hapaswi kuwa na maji juu ya magoti. Nilikaa kwenye jiwe, miguu ndani, nikaimba. Sikuona undina wala nywele za kijani. Nilichopata ni kilio. Nililia kwa ajili ya mama, ambaye nilimzika bila chozi kwa sababu kulikuwa na shughuli na wageni na kila mtu alikuwa ananitegemea mimi. Nililia mpaka rafiki yangu akaogopa. Maji yalikuwa yanapita tu, na nilihisi wazi kabisa kuna anayepokea, anachukua, anapeleka mbele. Wanaofundisha wanasema maji ni upande wa hisia. Kulisoma na kulipata ni vitu viwili.

Kuhusu sadaka: watu wanamwaga asali, wanatupa sarafu, wanafunga riboni za plastiki kwenye miti ya ukingoni. Jamani. Asali ya dukani inaweza kubeba vijidudu vinavyoua mabuu ya nyuki wa hapo. Riboni ya plastiki haiozi, mti ukinenepa inaukaba. Mimi sadaka yangu ni wimbo, na mfuko wa kuokotea takataka. Siku ninazookota nyingi, ndoto huja.

Mtaka Ushahidi

Nauliza kwa heshima, sipingi. Mama alifariki, hukulia, ukakaa mahali tulivu, ukalia. Roho wa maji anaingia wapi hapo?

Majimarefu

Kaka, sikukulazimisha kuamini. Uzi uliuliza yaliyotukuta, na ndivyo lilivyonikuta.

Pande Nne

Mtaka Ushahidi, hilo swali ni la siku nyingi na hata sisi wenyewe hatuelewani. Wapo Wapagani wanaosema roho hawa ni viumbe kamili, wana mapenzi yao, wanaweza kukukatalia. Wapo wanaosema ni sehemu za nafsi yako zilizopewa sura ili uweze kuongea nazo. Nimefanya ibada kwenye duara moja na wa aina zote mbili na hatukupigana. Ila nimegundua jambo: wale wa "ni nafsi yangu tu" wakiita kwa uvivu, hawapati kitu. Lazima uite kana kwamba kuna mtu kwenye mlango.

Na hapa natofautiana kidogo na walionitangulia. Utaratibu mnaudharau mapema mno. Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa mambo ya uchawi aliyefariki 1875, ni mmoja wa walioeneza majina ya wafalme wa asili hizi: Paralda wa hewa, Djin wa moto, Nichsa wa maji, Ghob wa udongo. Mimi nayatumia mpaka leo. Si kwamba nina hati ya kuzaliwa ya Ghob. Ni kwamba jina lililoitwa na watu wengi limeshafungua njia, na mtu mwenye woga au mawazo mengi anahitaji kitu cha kushika.

Kisa changu ni cha kuaga. Kundi letu lilikuwa hodari wa kuita na wavivu wa kuaga. Ibada ikiisha watu wanakimbilia chakula. Kipindi kile kila tukikutana tunaachana kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe wa vitu vidogo: nani alisahau mishumaa, kisu cha ibada ni cha hewa au cha moto. (Golden Dawn waliweka kisu hewa na fimbo moto, wengine wamegeuza, na sijaona aliyewahi kushinda ubishi huo.) Bibi mmoja mgeni akaja kututembelea, akaangalia, akauliza: kusini mmemuaga nani? Tukatazamana. Tangu hapo tunazunguka pande zote tena, kila mmoja anashukuriwa kwa jina na kuambiwa aende kwa amani. Ugomvi ukapungua. Mtaka Ushahidi atasema ni kwa sababu tulikuwa tunamaliza kwa utulivu badala ya haraka. Sawa, aseme.

Upepo wa Kusi

Mimi nina la pande tu. Hizo dira mlizopewa zilitungwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambako jua la mchana linakaa kusini. Kwa hiyo moto kusini, baridi na giza kaskazini, inaeleweka. Ukienda nusu ya kusini ya dunia jua la mchana liko kaskazini, na wengi huko wamehamisha moto kaskazini na udongo kusini. Ukiwa karibu na ikweta ndiyo balaa, jua linabadilisha upande kadiri mwaka unavyokwenda.

Nilikuwa naita kama nilivyoelekezwa na ilikuwa kama kuongea na ukuta. Nikaamua kutoka nje, nikafumba macho, nikageuka polepole nikisikiliza ngozi. Upepo unatoka wapi zaidi? Maji yaliyo karibu yako upande gani? Joto linanipiga wapi? Nikaweka kila asili pale ilipo kweli. Mara ya kwanza kuita hivyo nywele za shingoni zilisimama kabla sijamaliza sentensi. Pande Nne mkuu wangu, najua utanikasirikia.

Pande Nne

Sikasiriki. Ila ukihamia nyumba nyingine utaanza upya.

Upepo wa Kusi

Ndiyo. Na ndivyo inavyotakiwa, unajitambulisha kwa wenyeji wapya.

Kaa la Moto

Nimesoma kimya, sasa nachangia la moto maana naona mmeliruka.

Mshumaa nilijaribu. Kutazama mwali, kuona salamanda akicheza kwenye utambi, vyote hivyo. Ulikuwa mzuri lakini ulikuwa moto wa kununua, unawashwa kwa sekunde moja na mtu hana cha kutoa. Nikaamua kwamba kwa ibada zangu sitatumia kiberiti. Nitapekecha.

Wasiowahi kupekecha moto hawajui ninachosema. Kijiti kikavu juu ya ubao mkavu wa mti mlaini, unazungusha kwa viganja, ukifika chini unarudisha mikono juu haraka kabla joto halijapotea. Unga mweusi unakusanyika kwenye mkato wa pembeni, moshi unatoka, unafurahi, unapumzika, moshi unakwisha. Viganja vinatoka malengelenge. Nilitukana. Niliomba. Nilimwita kila mfalme ninayemjua. Moto hauna habari na maneno.

Siku uliponijia nilikuwa sijaita mtu, nilikuwa nimechoka hata hasira imeisha, mikono inakwenda yenyewe. Nikaona ule unga unaendelea kutoa moshi ingawa nimeacha kuzungusha. Ndani yake kuna chembe nyekundu. Nikaihamishia kwenye nyuzi kavu, nikapuliza kwa pumzi ndefu, na ikabidi nipulize kwa adabu maana ukizidisha unaitawanya na ukipunguza inakufa. Ilipowaka nilisema "karibu" kwa sauti bila kupanga. Na nilijua namwambia nani. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa mtu wa hasira za haraka, na bado ni mtu wa hasira, lakini sasa nazijua zilipo kama nilivyolijua lile kaa: naweza kuchagua kupuliza au kuacha.

Tahadhari moja ya lazima. Wanaochoma uvumba juu ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, acheni. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma na kizunguzungu. Kuna mtu atadhani ndiyo roho wanakuja. Fungua dirisha. Na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu, hata majoho yale marefu yakunjeni mikono.

Chetezo

Kaa la Moto umenifanya nikafungue dirisha lote saa hii hii.

Mfinyanzi

Udongo hapa. Hatuna visa vingi, ndiyo tabia ya upande wetu.

Nafinyanga vyungu. Nilikuwa nafinyanga miaka mingi kabla ya kusikia habari za nomu, na nilipozisikia nilicheka, kisha nikakumbuka mara ngapi udongo ulikataa umbo nililotaka na ukakubali jingine. Nikaanza kuuliza kabla ya kuanza. Nauweka mkononi, nakaa mpaka upate joto langu, nauliza unataka kuwa nini. Jibu haliji kama sauti. Linakuja kwenye mabega, yanashuka. Yasiposhuka sianzi.

Ila chumvi, ndugu zangu. Kwenye madhabahu chumvi inawakilisha udongo, hakuna neno. Lakini mkimaliza msiimwage bustanini kwa kudhani mnaibariki. Chumvi inaua mimea na inaharibu udongo wenyewe mliokuwa mnauheshimu. Mimi naweka udongo mkavu kwenye kisahani badala yake, na ukimaliza unaurudisha ulikotoka.

Napita Tu

Mmh. Mimi dini yangu hairuhusu haya ila hili la mkaa nimelichukua.

Ndo Naanza

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na ipi? Nimenunua kisu, kombe, fimbo na kile kisahani cha nyota, sijavitumia.

Mfinyanzi

Marahaba mwanangu. Weka vyote kabatini kwanza. Vua viatu.

Pande Nne

Usivifiche kabatini. Viweke mezani, uvizoee, ujifunze kuchora duara vizuri. Ukishajua kufunga ndipo ufungue.

Kaa la Moto

Anza na unayoiogopa.

Majimarefu

Kaa la Moto, usimwambie mtoto wa watu hivyo! Mimi niliogopa maji na ilinichukua miaka. Mdogo wangu, anza na ile unayokaa nayo bila kujilazimisha. Kama jioni unajikuta dirishani unapunga upepo, basi ni hewa. Unayoiogopa itakusubiri, haina haraka. Na siku ukienda mtoni nenda na mtu.

Ndo Naanza

Nashukuru sana. Nadhani ni hewa basi. Dada Chetezo, ule ubani unachoma kiasi gani? Maana nimejaribu sasa hivi na jirani amekuja kugonga.

Chetezo

Chembe moja, mdogo wangu. Moja!