Kwa nini deki ya Blu-ray inaikataa HD DVD?

Muulizaji: Wakuu, Blu-ray na mshindani wake wa zamani HD DVD zote mbili zinatumia leza ya nanomita 405. Sasa mbona deki ya Blu-ray inaitema HD DVD?

Lenzi085: Leza ni ileile, kina ndicho tofauti. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. Ya HD DVD iko 0.6, sawa na DVD ya kawaida. Lenzi nazo tofauti: kipimo cha uwezo wake wa kukusanya mwanga (NA) ni 0.85 kwa Blu-ray, 0.65 kwa HD DVD. Mwanga haukusanyiki panapotakiwa, basi deki inaizungusha kidogo halafu inadai hakuna diski.

Fundi Diski: Na huko kuwa karibu na uso ndiko kulikoipa Blu-ray GB 25 kwa tabaka, HD DVD ikabaki na 15. Ila mkwaruzo mdogo tu ungeiua, ndiyo maana ikapakwa utando mgumu.

Muulizaji: Sasa nitazisomaje?

Fundi Diski: Kwanza geuza diski. Baadhi zina HD DVD upande mmoja na DVD upande wa pili, mradi msimbo wa kanda (eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa) ukubali. Vinginevyo tafuta kile kisomeo cha nje cha HD DVD cha mashine ya michezo ya Xbox 360, kinachomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Windows XP haielewi UDF 2.5, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski hizo, mpaka uiwekee draiva, Vista inaielewa.

Lenzi085: Vyote ni mtumba, Toshiba, waliokuwa vinara wa HD DVD, walijitoa Februari 19, 2008. Kijaribu kwa diski ya tabaka mbili kabla hujalipa. Leza iliyochoka mara nyingi hugandia tabaka linapobadilika.