Odisheni ya bendi ya jazi chuoni, mie natoka kwenye beni. Nijipange vipi?

MpulizajiNgambo:
Asalaam aleikum jamani. Mie kijana wa Ng'ambo hapa Unguja, napiga tarumbeta tokea nna miaka 12, kanifunza ami yangu kwenye beni la harusi (bendi ya kupuliza na ngoma za barabarani), yaani bibi harusi bado yumo ndani anavishwa na sie tushapuliza saa nzima barabarani. Inshallah mwezi wa nane nakwenda Marekani kusoma uhandisi, chuo kina bendi za jazi na wamesema hata asosoma muziki anaruhusiwa kujaribu. Karatasi waliyonitumia inataka skeli (ngazi za noti) za meja zote 12, bluzi ya F (wimbo wa bluzi unaoegemea noti ya F) na solo ya kubuni mwenyewe, halafu unapewa noti hujapata kuziona unazisoma papo hapo. Skeli nnaziweza, solo ntajitahidi, ila noti nazisoma kama mtoto wa darasa la kwanza anosoma kwa kidole. Na hiyo swingi ndo nini hasa, mana nikisikiliza naona kama wanachelewa makusudi.

MpembaUghaibuni:
Waaleikum salaam. Mie nlifeli mara ya kwanza, ngoja nikuhadithie usije ukaingia shimo lile lile. Tarumbeta yetu ni ya B flati, ukipiga C yako, kwenye piano hiyo ni B flati. Karatasi yangu na mie iliandikwa bluzi ya F, nikafanya mazoezi mwezi mzima F ya tarumbeta. Siku yenyewe naingia chumbani, yupo mpiga piano, besi, dramu, mwalimu kakaa pembeni na kalamu yake. Wakahesabu, nikajitosa kwa nguvu zote kama niko harusini Chake, kumbe wao wako F ya piano na mie natoa E flati! Mpiga besi akanitizama. Mie badala ya kunyamaza nikazidisha sauti, nikidhani wao ndo waliokosea, wallahi nikikumbuka mpaka leo nafumba macho. Kwa hiyo wakisema F waulize ni F ya piano? Mana ikiwa ndo hiyo, wewe yako ni G, na kodi zako ni G, C na D (noti zinazopigwa pamoja, sio kodi ya nyumba hiyo). Bluzi ina baa 12 (vipande vya mapigo manne manne), ya tano unahamia C, ya tisa unaelekea D, halafu unarudi nyumbani.

Muhula wa pili nikajaribu tena nikapata bendi ya tatu, ya chini kabisa, na nlifurahi mno. Bendi kubwa kwa kawaida ni saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, na nyuma piano, gita, besi na dramu. Kiti cha kwanza cha tarumbeta ndo cha kupiga zile noti za juu zinazopasua mdomo, usikitamani kwa sasa, solo mara nyingi zinakwenda kiti cha pili. Kuna chuo kinaitwa North Texas, digrii ya jazi wanatoa tokea 1947, bendi zao wamezipa majina ya saa za mazoezi na ile ya juu kabisa ni One O'Clock, yaani kwa saa zetu sie ni bendi ya saa saba mchana, wakati wa usingizi!

BabaWaDansi:
Jazi gani ya kwenda kutafuta Marekani? Sie tumecheza jazi hapa hapa. Mbaraka Mwinshehe alipokuwa Morogoro Jazz nani alimuuliza skeli?

MpembaUghaibuni:
Shikamoo mzee wangu. Lile lilikuwa dansi, jazi ilikuwa jina tu la bendi. Lakini kweli skeli hakuna aliyemuuliza 😂

DadaFidla:
Mie napiga fidla kwenye kidumbak (taarab ndogo ya ngoma za harusini), nikujibu hilo la swingi. Chukua pigo moja ligawe vipande vitatu, noti ya kwanza ile viwili, ya pili ile kimoja. Sasa hiyo si ngoma zetu hizi hizi, mguu wako unaijua tokea utotoni, ila kichwa hakijaambiwa. Penye tofauti ni mkazo, beni mnakanyaga la kwanza, wao wanaegemea la pili na la nne. Weka metronomu (kile kifaa cha kuhesabu mapigo) ilie kwenye mbili na nne TU halafu upige juu yake, siku tatu za mwanzo utaitukana. Na wimbo ukiwa mbio sana ule mgao unanyooka, noti zinakaribia kulingana, usilazimishe kubembea.

Kingine, kwenye bluzi kuna noti ya tatu inakaa baina ya ile ya meja (ya juu kidogo) na ya maina (ya chini kidogo), haiko huku wala kule. Sikio lililolelewa na taarab lishaisikia kwenye rasti (ile makamu ya Kiarabu), basi hapo unaingia na mtaji. Ila usiwapigie taksimu nzima (ile solo ndefu ya taarab), raundi mbili zinatosha, na uache nafasi, uwasikilize wale wa nyuma yako wanasema nini.

Noti nenda DCMA, chuo cha muziki hapa Unguja, wakusomeshe. Kila siku ukurasa mpya, upige mara moja tu, usirudie. Kabla hujaanza tizama ufunguo, tizama panaporudiwa, tafuta ile sehemu mbaya kuliko zote uipige kichwani. Ukikosea noti meza mate uendelee, ukisimama ndo umekwisha.

MpembaUghaibuni:
Hapo dada kamaliza. Nlisahau, tafuta na ule mpira wa kuzibulia sinki, utoe mti wake, unafunika na kufunua mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta inalia wa-wa kama mtoto. Usicheke, wakubwa wengi wa jazi wametumia huo huo wa dukani.

MpulizajiNgambo:
Jamani ahsanteni sana. Nimewaandikia, wamejibu ni F ya piano, kwa hiyo wiki mbili zote nlikuwa napiga uongo. Metronomu nimeshaitukana. Mpira nimeupata Darajani, nikamwambia muuza duka nitolee na mti wake siutaki, akaniuliza sasa choo utazibua kwa mkono?