Nyie mnaomlaumu mama wa Todd, mlisoma kitabu kipi?

Wakuu, leo nimeshindwa kunyamaza. Ambaye hajasoma riwaya ya Wrong Place Wrong Time ya Gillian McAllister na bado ana mpango nayo, apite kushoto, maana humu nataja kila kitu mpaka mwisho.

Tuna grupu letu la kusoma riwaya. Watu wazima, wengi tuna watoto. Juzi tukafungua mjadala, wa kwanza kushika kipaza sauti akasema: "Mwanamke anashinda ofisini, mtoto anatembea na kisu, alitegemea nini?" Wa pili akaunga mkono. Wa tatu, mwanamke mwenzangu, tena anayetoka kwake alfajiri na kurudi usiku kama mimi, akasema Jen, huyo mama wa Todd, angekuwa karibu na mwanawe hayo yote yasingetokea. Nikajitoa kwenye mazungumzo kabla sijamtukana mtu.

Haya, twendeni kwenye kilichoandikwa. Jen Brotherhood ni wakili wa kesi za talaka, anaishi Crosby, jirani na Liverpool. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 2022, ule usiku Waingereza wanarudisha saa nyuma (sisi wa ikweta hatuna usumbufu huo, jua letu halina mizengwe), yuko dirishani anamsubiri mwanawe Todd, kijana wa miaka 18. Anamwona anakuja. Anamwona na mwanamume mwingine asiyemjua. Mara kisu, Todd anamchoma yule mtu. Mtoto anatiwa pingu mama akitazama. Jen akipitiwa na usingizi, anaamka siku moja kabla ya tukio: damu hakuna, polisi hakuna, Todd yuko nyumbani. Akilala tena anaamkia nyuma zaidi. Zikaja wiki, ikaja miaka, mpaka akafika 2003, huyo Todd mwenyewe hajazaliwa.

Sasa nionyesheni. Huko kote alikopita, chanzo alikikuta wapi? Kwenye dawati lake la kazi?

Chanzo ni mume! Kelly, fundi rangi, mpole, mcheshi, kumbe hata jina si lake. Alikuwa askari aliyepenyezwa ndani ya genge, jina lake Ryan, akampenda binti wa watu, ndiye Jen, akiwa kazini na akaamua kuishi na jina la bandia karibu miaka ishirini. Aliyechomwa kisu ni mkubwa wa genge hilohilo, katoka gerezani na kaanza kuingia maishani mwao. Todd alishika kisu ili kumkinga baba yake. Tena marehemu baba mzazi wa Jen, wakili mheshimiwa, naye alikuwa analipatia genge taarifa za nyumba zisizo na watu. Baba mtu na babu mtu wote wamo. Lakini grupu zima linamtafuta mama.

Na msiniambie hamkufika huko. Ingawa nawajua, wengine mnasoma PDF iliyokatika katikati halafu mnakuja kuchangia kwa kujiamini.

Kinachoniuma ni kwamba Jen mwenyewe alianza na maneno yenu. Kabla hajamshuku mtu mwingine alijishuku yeye: kazi zilinizidi, sikumsikiliza, labda nilimlea vibaya. Hapo mwandishi kapatia, kwa sababu mama hahitaji hakimu, kesi anaifungua mwenyewe na hukumu anajisomea. Ila kadiri anavyorudi nyuma anamkuta Todd anazidi kuwa mdogo, na anaona kwa macho yake kwamba mtoto alipendwa. Anapata nafasi ya kukaa naye bila kukimbilia popote. Kuna mahali anaamkia siku ileile baba yake aliyofariki. Mara ya kwanza mzee alikata roho akiwa peke yake. Safari hii binti anakwenda kukaa naye jioni ile. Nililia, sifichi. Mtu asome kurasa hizo halafu atoke na neno "uzembe"!

Halafu ule uchovu wake hakuna aliyeugusa kwenye mjadala. Jen anajua yajayo, wengine wote hawakumbuki chochote. Mwanafizikia wa chuo, Andy, anayemsaidia kuelewa yanayomtokea, inabidi Jen amshawishi upya kila wanapokutana, kwa sababu kwake yeye mkutano uliopita bado haujafanyika. Alichogundua jana kinabaki kichwani mwake tu. Akina mama humu, kazi ambayo ukiifanya leo kesho hakuna anayejua kama ilifanyika, mnaihitaji riwaya ya Muingereza iwaeleze? Na nguvu inayomrudisha nyuma inalinganishwa na ile ya mama anayeinua gari lililomlalia mwanawe. Imeandikwa kabisa! Mwandishi kaweka mama kama nguvu ya kupindua wakati, nyie mmemgeuza mtuhumiwa.

Mwandishi naye simwachi. Kelly kasamehewa kwa bei ya kutupa. Uongo wa karibu miaka ishirini, mke anarudi mpaka 2003 kuurekebisha kwa jasho lake, na mwisho bado wako pamoja, tofauti ni kwamba sasa anatumia jina lake halisi. Angekuwa Jen ndiye aliyeficha jina muda wote huo, mngekubali mwisho wa namna hiyo? Mngetaka afukuzwe kwenye kurasa.

Kwa hiyo yule aliyesema "alitegemea nini", najua uko humu na unasoma. Njoo utaje sura moja, moja tu, ambayo Todd alishika kisu kwa sababu mama yake alikuwa kazini. Na wewe dada uliyeunga mkono, njoo naye. Nawasubiri hapa.