Tabo nzima imeng'olewa, kumbe mbovu ni solenoidi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Laki nane na nusu yangu imeteketea kwa sababu ya kidude kinachoenea kiganjani.

Gari langu ni Subaru Forester ya 2004, yenye tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi). Mwezi uliopita lilianza kuchoka. Ukienda Mikindani na kurudi huoni shida, lakini kupanda Newala kutokea Masasi, nimebeba magunia mawili tu ya korosho, nilikanyaga mpaka chini na bado nikashindwa kulipita lori la saruji. Taa ya injini ikawaka. Moshi hakuna, oili haipungui, mlio wa chuma hakuna.

Nikalipeleka gereji moja hapa Mtwara mjini. Fundi akachomeka mashine, ikasoma kodi ya hitilafu P0245, akaifuta palepale, akasema: "Bosi, tabo imekufa hii." Hata shafti ya tabo hakuishika aone kama inacheza! P0245 haisemi tabo imekufa. Inasema umeme wa solenoidi (vali ndogo ya umeme) inayodhibiti tabo uko chini. Jibu lilikuwa kwenye kioo mbele yake.

Na huyu anajiita fundi wa magari ya tabo. Basi nieleze mimi mteja. Tabo isipozuiwa inaivunja injini, ndiyo maana upande wa moshi pana kimlango; kikifunguka, moshi unapita pembeni ya tabo. Kinachokifungua ni kikopo chenye springi na fimbo, kinachosukumwa na upepo wa tabo yenyewe kupitia mpira mwembamba. Kwa springi peke yake, gari kama langu linapata presha ya tabo ya kama psi 7 (psi ni kipimo cha presha). Kiwanda kinataka zaidi ya hapo, ndipo wakaweka solenoidi kwenye mpira huohuo. Kompyuta ya gari inaifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde, sehemu ya upepo inarudi kwenye bomba la kuvutia hewa kabla ya tabo. (Hauachwi utoke nje, maana sensa ya hewa imeshauhesabu.) Kikopo kinapata presha pungufu, kimlango kinachelewa kufunguka, gari linavuta. Umeme ukikatika, solenoidi inabaki imefunga, upepo wote unaishia kwenye kikopo, na wewe unabaki na zile psi 7. Kiwanda kilikusudia hivyo ili injini isiumie. Ndiyo ule uchovu wangu wa Newala!

Nikalipa, akafunga tabo ya mtumba. Gari vilevile. Akachomoa mpira wa kwenye kikopo, akauziba, eti nijaribu sasa. Barabara ya uwanja wa ndege gari likachomoka kama mshale, mara likakata, kichwa nusura kipige usukani. Kompyuta ilifunga mafuta kwa sababu presha imepita kiasi. Angeniua injini huyu!

Nikaenda Lindi kwa mzee mmoja fundi umeme. Alichomoa soketi ya solenoidi, pini zimeota ukijani wa chumvi ya bahari. Akaipa umeme wa betri moja kwa moja: kimya. Akachukua nyingine ya mtumba, akaigusisha: tik! Akaipuliza kwa mdomo, upepo ukapita. Akaondoa umeme, ukaziba. Dakika tano hazikufika. Elfu arobaini.

Halafu akaniuliza, "Mwanangu, kizibo cha kwenye mpira kiko wapi?" Ndani ya mpira wa kiwanda, kati ya tabo na solenoidi, hukaa kizibo chenye tundu la kama milimita moja. Bila hicho upepo unakuja mwingi kuliko solenoidi inavyoweza kuumwaga, na nguvu hupati hata solenoidi ikiwa mpya. Yule wa Mtwara alitupa mipira ya zamani akafunga mipira ya mafuta mitupu. Mzee akaomba jeti ya kabureta (kipande kidogo chenye tundu jembamba) kwa fundi bodaboda wa jirani, akaisukumiza ndani ya mpira, akabana. Nimerudi Mtwara geji inasoma psi 12, gari linavuta kama zamani.

Jana nimefuata tabo yangu ya mwanzo. Anasema ameshaiuza. Tabo nzima, ya kwangu, ameiuza! Nataka ama tabo ama hela, na Jumatatu naenda polisi na risiti. Wakati huohuo, mwenye mpira wa kiwanda wenye kizibo chake aniambie bei.